Jogoo wa Mwenye Boma

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba ya mabati, mitetea wanne, na jogoo mmoja asiyenipenda. Na nyumba tulielewana upesi, na mitetea pia. Jogoo ndiye aliyekuwa na yake moyoni. Nikipita na ndoo ananitazama kwa jicho moja, nikimpa kisogo ananirukia miguuni na kucha zake. Nilimwambia mara nyingi: we bwana, mwenyewe ameshazikwa, anayekumwagia mtama sasa ni mimi, jifunze adabu. Hakujifunza. Tuliishi kama wake wenza waliofiwa na mume mmoja, hawapendani na hakuna anayetaka kuhama.

Na kusema haki, yeye ndiye aliyeingia boma lile kabla yangu. Huku Nyatike, nje kidogo ya Macalder, mwanamume akihamia boma jipya haingii mikono mitupu. Huingia na jogoo, na shoka, na moto. Mimi sikuyajua hayo. Mimi ni mtu wa Mombasa, fundi wa nguo, na mume wangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini niliyempata huko huko. Aliponiambia kwamba akistaafu atarudi kwao akajenge, nilidhani kujenga ni mawe na mabati. Siku ya kuhamia nikamwona mtu mzima, suruali imepigwa pasi, amemkumbatia kijogoo kifuani kama mtoto anayepelekwa kliniki, kaka yake mkubwa ametangulia mbele. Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Aliniambia jogoo akiwika humu ndani, watu wanajua boma lina mwenyewe.

Basi mwenyewe akaenda, jogoo akabaki.

Huyo kaka yake mkubwa, shemeji yangu, anaishi ng'ambo ya ua wa minyaa. Ukisimama jikoni kwangu unamsikia akikohoa. Mkewe alitangulia kufa kabla ya mume wangu, kwa hiyo yeye yuko peke yake upande ule na mimi niko peke yangu upande huu, na katikati pana minyaa ambayo hata mbuzi anapita. Ungedhani tungekuwa tunasalimiana kutwa. Lakini huku mwanamume akifa, ndugu yake humrithi mjane. Shemeji ni mzee wa kanisa la Wasabato, na mimi kurithiwa kama kabati sikutaka, basi tuliliacha jambo hilo bila hata kulitaja. Ila watu wana macho. Shemeji akionekana anatoka kwangu asubuhi, kufika mchana tumeshaozwa na soko zima. Kwa hiyo baada ya matanga aliacha kuja. Aliacha kwa heshima, na heshima ile ilinitesa kuliko matusi, kwa sababu matusi unaweza kuyajibu.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu ni lugha. Kijaluo changu ni cha kuomba chumvi na kupokea pole. Nikifika sokoni akina mama wanageukia Kiswahili kwa ajili yangu, wananiuliza habari, wanacheka nami vizuri tu, halafu mazungumzo yanarudi walikotoka, nami nabaki nimeshika nyanya zangu. Hawana ubaya. Lakini ukirudi nyumbani na kugundua kwamba tangu asubuhi neno refu ulilosema ni "nipunguzie kidogo," roho inanywea.

Ndiyo maana nasema, pamoja na ugomvi wetu wote, sauti ya jogoo yule ndiyo iliyokuwa sauti ya nyumba. Alikuwa analala jikoni pamoja na mitetea. Kukipambazuka nafungua mlango, anatoka kifua mbele, anaruka juu ya paa la ghala, anawika. Hapo ndipo siku yangu ilipoanza. Nilikuwa nasikia kama mtu mwingine ameamka pia.

Asubuhi moja nilifungua mlango, mitetea wakatoka, yeye hakutoka. Nilimkuta amejikunyata nyuma ya kuni, manyoya yamesimama, macho nusu, kilemba chake chekundu kimeingia weusi. Nikasema huyu anajifanya. Nikachukua ndoo, nikapita mbele yake, nikampa kisogo makusudi na kusimama. Hakunirukia. Hapo niliogopa kweli.

Mtu wa huku ukimwambia kuku anaumwa, hakuulizi anaumwa nini. Ni kideri, anakwambia, ule ugonjwa unaofagia banda zima kwa wiki moja na hauna dawa ila chanjo ya mapema. Nami nikajiambia ni kideri. Kisha nikafanya yote niliyowahi kuona watu wakifanya. Nilikata mshubiri nikaukamulia kwenye maji. Nilitwanga pilipili kichaa nikamnywesha kwa kijiko, akatikisa kichwa, matone yakanirukia machoni, tukalia wote wawili. Nilimlaza juani, nikamrudisha kivulini. Kutwa nzima nilikuwa nasema naye kuliko nilivyosema na binadamu yeyote mwezi ule.

Mchana nikampigia simu binti yangu. Yuko Homa Bay, kazi yake ni ofisini, na ana watoto wadogo. Shughuli zake nazijua, simlaumu.

"Mama, pole," akasema. "Lakini ni kuku. Nitakuletea mwingine."

"Huyu ni jogoo wa baba yako."

"Najua, mama. Nikija nitakuletea mzuri, wa kienyeji kabisa."

"Utakuja lini?"

Nikasikia mtu anamwita kwa nyuma. Akasema mwisho wa mwezi, Mungu akipenda, nami nikasema haya mwanangu, fanya kazi. Nilipokata simu nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Sikutaka jogoo mzuri. Nilimtaka huyu huyu mwenye roho mbaya, kwa sababu yeye na mimi ndio tuliobaki tunaomkumbuka mtu mmoja katika uwanja ule, na akifa yeye nitakuwa nimebaki mimi na mabati.

Asubuhi iliyofuata pia hakuwika. Kilichosikika ni mashine za kusagia mawe ya dhahabu za upande wa Macalder, ambazo siku nyingine sizisikii. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na kijiko changu cha pilipili nilipomsikia mtu anaita kutoka langoni.

"Nyar Mombasa. Uko?"

Binti wa Mombasa, ndivyo walivyoniita tangu nilipoolewa. Nilitoka nikifuta mikono kwenye leso. Shemeji alikuwa amesimama nje ya lango, fimbo mkononi, sweta ameivaa ndani nje.

"Niko, shemeji. Karibu."

"Hapana, nasimama tu hapa." Akatazama paa la ghala, kisha akanitazama mimi. "Jana kuku yako haikulia. Leo tena haijalia. Nikasema wacha nikuje nione."

"Uone nini?"

Akachora mchanga kwa fimbo. "Ikilia huko juu ya dero, najua umefungua mlango. Sasa haikulia siku mbili. Nikasema labda ni wewe."

Dero ni ghala. Mtu ambaye hajakanyaga uwanja wangu tangu mazishi, ambaye tukikutana njiani tunasalimiana kama wageni wa kituo, kumbe kila alfajiri alikuwa amelala upande wa pili wa minyaa anasikiliza kama nimefungua mlango. Nilitaka kulia, na kwa sababu sikutaka alione hilo, nikamjibu kwa ukali.

"Mimi mzima. Jogoo ndiye mgonjwa. Ana kideri."

"Na zile zingine?"

"Zipi?"

"Za kike. Ziko aje?"

"Wazima. Wako kule wanachakura."

Nikasikia maneno yangu mwenyewe. Wamelala jiko moja, wamenyweshwa bakuli moja, na mgonjwa ni mmoja.

"Kideri haichaguangi," akasema. "Shika yeye hapa." Akajigusa chini ya koo. "Kama imejaa na haijakula, si kideri."

Nilirudi jikoni, nikamshika. Hakuwa amekula tangu juzi, lakini gole lake, ule mfuko wa kifuani ambamo kuku huhifadhi chakula, lilikuwa limevimba na kukaza kama donge la ugali lililolala. Nililibonyeza, halikubonyea. Nikamfungua mdomo kumtazama kooni. Pumzi yake ilinuka uchachu hadi nikageuza uso. Nilipogeuka tena nikaona, chini ya ulimi, kijiuzi cha kijani kimeshuka kuingia kooni.

Ule uzi niliujua. Nilikuwa na kijibustani cha sukuma wiki nyuma ya nyumba, na jogoo yule alikuwa anakifyeka kila nikigeuka. Nilipokwenda kumwona binti yangu, nikapita ufukweni pale Homa Bay na kununua wavu mkuukuu wa omena, wale dagaa wa ziwani, kama wanavyofanya watu wote huku. Wavu ukichoka kuvua unazungushiwa mboga kuzuia kuku. Lakini wenzangu huulowesha wavu na kuufua kwa sabuni kwanza, kisha wakauanika siku nyingi. Mimi nikaufunga vile vile, magamba na vichwa vya omena vimekaukia kwenye matundu. Yaani nilimzuia kuku kwa ua unaonukia chakula. Alikuwa ameacha mboga, anakula ua.

Nilitoka kumwambia shemeji. Hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo. Alikuwa kijiji cha Osiri, anazalisha ng'ombe, akasema hawezi kufika hadi kesho. Nilimweleza niliyoyaona. Akaniambia kwanza niache pilipili, kisha nisiuvute ule uzi hata kidogo, kwa kuwa utamkata ndani. Akaniuliza kama mkono wangu unatetemeka. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Basi akanieleza taratibu, nami nikamrudishia kila hatua: nyonyoa manyoya juu ya gole, osha na maji ya chumvi yaliyochemka, chana kidogo kwa wembe mpya, toa uchafu wote, suuza, shona mfuko wa ndani kwanza, kisha ngozi ya nje. Usizishone pamoja. Akasema anaweza kufia mikononi mwangu, lakini akiachwa hivyo atakufa tu.

Nilirudi langoni. "Shemeji," nikasema, "nahitaji mikono miwili."

Alitazama barabara upande wa juu, akatazama upande wa chini. Palikuwa na mama mmoja anapita na karai lake kichwani. Shemeji akamngoja apite, akamsalimia vizuri, mama akaitikia. Kisha akaniambia, "Leta meza hapa nje." Nikaelewa. Tuliiweka meza pale pale mdomoni mwa lango, mchana kweupe, ili anayetaka kuona aone tunachofanya. Ndipo akaingia. Alivua kofia alipovuka, kama mtu anayeingia kanisani, kisha akaonekana hajui aiweke wapi. Nikaipokea nikaitundika kwenye msumari wa mlango, msumari ambao haukuwa na kofia muda mrefu.

Tulimfunga jogoo kwenye leso, kikabaki kifua. Shemeji alimshika kichwa kwa mkono mmoja na miguu kwa mwingine, mikono yake mikubwa ya kulimia, na nilipochana ngozi jogoo akajipinda mara moja, naye akamwinamia. "Mos," akamwambia. "Mos, mos." Ndivyo wanavyosema pole. Neno hilo nililijua, nililisikia sana wakati wa matanga.

Yaliyotoka sitayaeleza yote. Mahindi yaliyochacha, nyasi, vichwa vya omena, na katikati bonge la uzi wa kijani limejifunga na kukaza kama kizibo cha chupa. Niliukata ule uzi kwa ndani, kile kipande cha mdomoni kikatoka chenyewe. Nikasuuza, nikashona mfuko, nikashona ngozi, mishono midogo midogo kama ya kola. Nimeshona magauni ya maharusi, na sijawahi kutokwa jasho kiasi kile. Nilipokata uzi wa mwisho, jogoo alifungua jicho, akaniona mimi, akajaribu kunidonoa.

"Imepona," akasema shemeji.

Nilicheka. Kusema kweli nilicheka huku nalia, na safari hii sikujali akiona.

Nilichemsha chai. Aliinywa pale mezani langoni baada ya kunawa mikono mara mbili. Akaniambia mume wangu alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa kuku, aliwahi kukimbizwa na mama wa vifaranga akapanda juu ya mgongo wa ndama. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuambiwa hilo. Nikaelewa upya ile siku ya kuhamia, mtu amemkumbatia jogoo kifuani na hacheki.

Daktari alikuja kesho yake, akatazama mishono, akatoa sindano, akasema nimpe uji mwepesi tu na nimfungie. Nikamweka chini ya tenga jikoni. Hakuwika, hakuwa na nguvu hizo. Na kwa kuwa hakuwika, kila asubuhi nilisikia fimbo njiani. "Nyar Mombasa, imeamkaje?" Nami naleta ripoti, na chai, na kiti kile kile langoni. Mara anaeleza habari za mdogo wake, mara tunawatazama tu mitetea. Watu walipita wakatuona. Sijui walisema nini; kama walituoza, hawakutualika. Nilijikuta naamka mapema kuwasha moto, nachagua vikombe visivyo na ufa. Wavu niliuondoa, nikaufua, nikaurudisha.

Kisha alfajiri moja nikafungua mlango, jogoo akaliangusha tenga, akatoka anayumba kidogo, akaruka kwenye paa la ghala mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akafika. Akawika. Ilikuwa sauti mbovu, imekwaruza, lakini ilivuka minyaa yote. Nilipiga makofi pale uwanjani peke yangu. Nikakimbia kuteleka chai, nikaweka vikombe viwili, nikangoja.

Shemeji hakuja.

Nilidhani ameamka vibaya. Kesho yake jogoo akawika vizuri zaidi, na shemeji hakuja. Sabato nikakutana naye njiani, yeye anakwenda kanisani na Biblia yake. Akasimama mbali kidogo, kama zamani.

"Nasikia kuku imepona," akasema. "Nimefurahi sana."

"Amepona," nikasema.

"Sasa najua uko sawa." Akagusa kofia, akaenda.

Nilirudi nyumbani nikakaa. Kila alfajiri jogoo alipanda juu ya ghala akapeleka salamu zangu ng'ambo kwamba mama amefungua mlango, mzima, hana shida, na shemeji akazipokea, akageukia ukutani. Na jogoo huyo nilikuwa nimemshona kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimtazama pale juu, kifua mbele, kovu langu chini ya manyoya yake, na nikamchukia kama siku za mwanzo.

Nilivumilia kiasi nilichoweza. Halafu asubuhi moja nilifungua mlango, nikawatoa mitetea, jogoo nikambakisha ndani, nikamfunika tenga, na juu ya tenga nikatandika blanketi mbili hadi kukawa giza huko chini. Nikarudisha mlango. Nikateleka chai. Jua likachomoza, paa la ghala likiwa tupu.

Safari hii hakuita. Nilisikia fimbo inakuja kwa haraka, lango likagonga ukingo, na shemeji akawa ameshaingia hadi katikati ya uwanja, miguu mitupu, bila kofia, mkono umeshika kifua. Aliponiona nimekaa na birika alisimama. Niliuona uso wake, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niwe mtu mzima.

"Imekufa?" akauliza.

"Hapana, shemeji. Nimemfunika."

Alinitazama. Akatazama mlango wa jikoni uliofungwa, akatazama meza, vikombe viwili, kiti cha pili. Nilingoja anigombeze, na ningestahili. Pumzi zake zilichukua muda kutulia. Barabarani watu walikuwa wameanza kupita kwenda sokoni, na lango lilikuwa wazi nyuma yake.

Mle jikoni, chini ya blanketi zote mbili, jogoo akawika kwa hasira. Tulimsikia wote wawili. Shemeji akavuta kiti, akakaa, akauliza sukari iko wapi.